Delege wetu amefukuzwa: sheria inamlinda vipi?

Fundi wa Katuba:
Ndugu zangu, mimi ni fundi wa mitambo katika kampuni moja ya hapa Lubumbashi ambayo sitaitaja. Delege wetu wa sendika, yaani mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi, alipewa barua ya kufukuzwa kazi pale langoni, kofia yake ya kazi ikiwa bado mkononi. Kesho yake mwanasheria wa kampuni alituambia kwamba hata Marekani kampuni kubwa zinakwenda mahakamani kupinga ulinzi wa sendika. Je, ni kweli? Na sisi tuna kinga gani?

Mama Ruashi:
Poleni sana, ndugu. Kuhusu Marekani ni kweli. Sheria yao ya sendika ni ya mwaka 1935, na Mahakama Kuu yao iliithibitisha mwaka 1937. Lakini Januari 2024, siku moja baada ya halmashauri inayosimamia sheria hiyo kuishtaki SpaceX, kampuni ya roketi, kwa kuwafukuza wafanyakazi 8 waliotunga barua ya kumkosoa mkuu wao, kampuni hiyo ilikimbilia mahakama ya Texas ikidai kwamba muundo wa halmashauri yenyewe unavunja katiba. Agosti 2025 mahakama ya rufaa iliizuia halmashauri isiendelee na kesi hiyo.

Lakini hayo ni ya katiba yao. Kwetu Kongo, sendika na mgomo ni haki zilizoandikwa katika Katiba ya 2006, ibara ya 38 na 39, na Sheria ya Kazi ya Oktoba 2002 inataka inspekta wa kazi akubali kwanza kabla delege hajafukuzwa. Je, kibali hicho mlikiona?

Fundi wa Katuba:
Hapana, mama. Hakuna aliyetuonyesha.

Mzee wa Kamalondo:
Basi, mwanangu, mpelekeeni inspekta barua hiyo pamoja na matokeo ya uchaguzi wa madelege, maana Mahakama ya Kazi haipokei shauri ambalo halijapitia usuluhishi mbele ya inspekta huyo. Nilikuwa delege miaka mingi, na nililoliona ni kwamba kampuni haina haja ya kushinda. Inatosha kesi ichelewe. Faili likilala, delege hana mshahara, watoto wanarudishwa kutoka shuleni kwa sababu ya karo, na wenzake wanaogopa kugombea. Kwa hiyo changeni unga wa nyumbani kwake kabla ya pesa ya wakili. Tena nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe: yetu haikugongwa, na tulipoulizwa tulikwenda lini, hatukuwa na la kuonyesha.