Tupeane uzoefu: enzi za Higgins, Davis na wenzao, wewe ulikuwa upande wa nani?

Mzee wa Chaki

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wapenzi wa snuka, hasa sisi tuliokuwa Uingereza miaka ya 70 na 80. Vijana wa pool karibuni pia, ila mkae mkijua hapa tunazungumzia meza ya futi 12 kwa 6, mipira 15 myekundu, na mashimo yasiyo na huruma.

Idadi ya makombe kila mtu anaweza kuitafuta mwenyewe. Ninachotaka ni tabia zao. Nani alikuwa anakukera? Nani alikufanya uchelewe kazini kesho yake? Nyumbani kwenu mligawanyikaje?

Naanza. Mimi ni mtu wa Steve Davis, tena sioni haya. Nilikuwa nasoma Sheffield, mji wenye Crucible, ukumbi wa michezo ya kuigiza ambao tangu 1977 ndimo unamochezwa ubingwa wa dunia. Ukiuona kwenye televisheni utadhani ni mkubwa. Wapi! Viti havifiki 1,000, na aliyekaa mbele anamsikia mchezaji akivuta pumzi. Raundi za mwanzo zinawekwa meza mbili, katikati kizuizi, kwa hiyo unamtazama huyu huku makofi ya upande wa pili yanakutia wivu.

Davis alikuwa anakaa kwenye kiti, glasi ya maji pembeni, uso mkavu, hata kope hazichezi. Mwenzake anafuta meza, yeye anatazama tu. Akiachiwa nafasi moja, habari imeisha. Utulivu ule ndio uliowaudhi Waingereza, hadi kipindi kimoja cha vikaragosi kwenye televisheni kikawa kinamtania kwamba hakuna binadamu mwenye kuchosha kama yeye. Mimi niliyelelewa na baba fundi saa nilimwelewa mara moja. Mtu akiwa kazini haongei. Mataji sita ya dunia kati ya 1981 na 1989 si mchezo.

Haya, watu wa Higgins njooni mnitukane.

Binti Mkunazini

Shikamoo mzee. Sikutukani, lakini nyumbani kwetu usingepewa hata chai.

Mama alikuja London kumfuata baba, Kiingereza chake kikiwa cha sokoni tu. Vipindi vingine vilimpita, ila snuka aliishika upesi: mwekundu, rangi, mwekundu, rangi. Televisheni yetu ya kwanza haikuwa ya rangi, sasa fikirieni wenyewe. Alikuwa anaitambua mipira kwa mahali ilipowekwa, na alikosea mara chache kuliko baba.

Siku alipomwona Alex Higgins akasema, "Huyu mtoto hana wa kumtazama." Basi, akawa wake. Kijana wa Belfast, mwembamba, aliyewahi kujifunza kuendesha farasi wa mashindano ikashindikana, akaja kuchukua ubingwa wa dunia 1972 mara ya kwanza tu kushiriki. Akipiga mpira anainua kichwa na mwili mzima unajipinda, jambo ambalo mwalimu yeyote wa snuka angemkataza siku ya kwanza. Tai hataki, na ana cheti cha daktari cha kumruhusu. Sigara haimtoki mkononi. Anaizunguka meza mbio mbio, kama mtu anayedaiwa.

Mwaka 1982, nusu fainali na Jimmy White. Wa kwanza kushinda fremu 16, yaani michezo midogo midogo inayojenga mechi, anasonga mbele. White ana 15, Higgins 14, na kwenye fremu ile White anaongoza 59 kwa sifuri. Higgins akainuka. Mpira mweupe ulikuwa haumsikilizi kabisa. Kila pigo lilimwacha pabaya kuliko pale alipotoka, na kila pabaya alipata njia. Pointi 69 kwa zamu moja. Mama kasimama na mwiko mkononi, jikoni wali unaungua, hakuna aliyethubutu kumwambia. Higgins akashinda 16–15.

Fainali akamfunga Ray Reardon 18–15, fremu ya mwisho akaifunga kwa mapigo ya pointi 135 mfululizo. Halafu akaanza kulia, anamwita mkewe amletee mtoto wao mchanga. Mama naye akaangua kilio. Baba akatoka chumbani akiuliza nani amefariki.

Nyundo Kavu

Niko Nairobi siku hizi ila niliishi Preston miaka mingi. Naomba niharibu sherehe kidogo.

1983 nilikuwa ndani ya Guild Hall pale Preston kwenye fainali ya ubingwa wa Uingereza. Davis akaongoza 7–0. Watu walishaanza kuulizana habari za basi la kurudi. Higgins akafufuka, akashinda 16–15. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, kwa hiyo msinifundishe uzuri wa Higgins.

Mashindano hayo hayo, mji huo huo, 1986: Higgins akampiga kichwa afisa wa mashindano. Faini pauni 12,000 na kufungiwa mashindano matano. 1990 akamtishia Dennis Taylor, mwenzake wa Ireland Kaskazini na wa timu moja, kwamba atamfanyia mpango apigwe risasi. Wakati ule, na kule kwao kwenye mapigano ya kisiasa, hayo hayakuwa maneno ya utani hata chembe. Mwaka ule ule kule Crucible akampiga ngumi afisa mwingine.

Davis mlimwita mchoshi kwa sababu hakumgusa mtu. Huyu mkamwita bingwa wa watu. Mimi kipaji chake sikikatai, lakini wale waliopigwa nao walikuwa watu waliotoka nyumbani asubuhi kwenda kazini.

Binti Mkunazini

Kaka, hapo sina ubishi. Mama alipohadithiwa ya Preston alizima televisheni na kwa muda mrefu hakulitaja jina lake. Higgins alipofariki Julai 2010, peke yake kwenye fleti Belfast, mifupa mitupu baada ya miaka ya saratani ya koo, ndipo mama akaomba dua. Ya kumsamehe au ya kumrehemu, sikuuliza.

Sista wa Zamu

Hamjambo nyote. Mie ni mtu wa Mombasa, nilikuwa muuguzi Leeds, wodi ya wanaume, zamu ya usiku. Wangu ni Dennis Taylor, na ni wagonjwa walionitia humo.

Fainali ya 1985. Davis aliongoza 8–0, nami nikajua kazi yangu itakuwa nyepesi, watalala mapema. Taylor alikuwa mtu wa masihara, miwani yake mikubwa kama imegeuzwa juu chini ili akiinama aone meza yote kupitia kioo, na watu walikuwa wakimcheka. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Basi akaanza kurudi polepole, fremu moja moja, bila kuongoza hata mara moja. Ikafika 17–17.

Taa za wodi zilitakiwa kuzimwa saa 4. Saa 5 msimamizi wangu akaja kunigombeza, akatupa jicho kwenye televisheni, akavuta kiti. Fremu ile ya mwisho ilikwenda dakika 68. Davis anaongoza 62–44 na imebaki mipira minne. Taylor lazima aiingize yote. Kahawia, ndani. Buluu, ndani. Waridi, ndani. Ukabaki mweusi peke yake, na hapo wakaanza kuukosa wote wawili, huyu akikosa, yule akikosa. Davis akaachiwa wa kuukata kwa wembamba kwenye shimo la pembeni. Akaukata mno. Taylor akauingiza, saa 6 na dakika 23 usiku.

Mzee mmoja aliyekuwa ameshonwa henia nilikuwa nimemkanya asicheke wala asikohoe. Alipiga ukelele. Vipimo vya presha nilivichukua alfajiri, maana vya saa ile visingemfaa daktari.

Walisema baadaye watazamaji walikuwa milioni 18.5. Wodi yetu sidhani kama ilihesabiwa.

Mzee wa Chaki

Dada, ule mpira mweusi mimi sijausamehe. Nilikuwa chumbani kwa mwenzangu, nikatoka bila kuaga.

Lakini angalieni Davis alivyoubeba. Usiku ule mtangazaji alimhoji, akajibu kwa maneno ya kuhesabika, uso ule ule mkavu. Mwaka uliofuata akapoteza fainali nyingine, kwa Joe Johnson wa Bradford ambaye hakuna aliyempa nafasi. Halafu akachukua ubingwa mara tatu mfululizo. Na uzeeni ndiyo balaa: anajicheka mwenyewe, anazunguka kumbi na Taylor wakiurudia ule mpira mweusi kwa vichekesho, na amekuwa DJ wa muziki wa elektroniki, 2016 akapiga kule Glastonbury. Mchoshi gani huyo?

Nyundo Kavu

Nilisema mimi.

Dogo wa Temeke

Shikamooni wazee. Mimi ni wa pool, haya yote nimeyaona YouTube usiku bando likiwa la bei poa. Mnasema Davis anachosha, sijui Cliff Thorburn mnamwekaje.

Yule Mkanada ni mwendo wa kinyonga. Anaizunguka meza, anarudi, anapaka chaki, anainama, anainuka tena. Fainali ya 1980 alicheza na Higgins, yaani mtu wa moto na mtu wa barafu, akashinda 18–16, na katikati BBC ikakatiza matangazo kuonyesha makomando wakivamia ubalozi wa Iran pale London. Nadhani ni mapumziko pekee Higgins aliyoyapata siku ile.

Lakini ile ya 1983 dhidi ya Terry Griffiths ndiyo iliyonifanya nimheshimu. 147, yaani pointi za juu kabisa za kufuta meza kwa zamu moja, ya kwanza kabisa kupigwa Crucible. Na mpira wa kwanza mwekundu uliingia kwa bahati tu, haukulengwa kule! Akaendelea na mwendo wake ule ule. Meza ya pili Bill Werbeniuk akaacha mchezo wake akaja kuchungulia. Mweusi wa mwisho ulipoingia Thorburn akapiga magoti. Mechi yenyewe iliisha 13–12, saa 9 na dakika 51 usiku. Pool ya kwetu muda huo baa imeshafungwa.

Swali: ni kweli Werbeniuk alikuwa anakunywa bia kwa sababu ya ugonjwa?

Mzee wa Chaki

Kweli, dogo. Mikono ilikuwa inamtetemeka kwa ugonjwa wa kurithi, bia ndiyo iliyoituliza, na alikunywa kwa wingi wa kutisha. Baadaye akategemea pia dawa ya moyo, nayo ikapigwa marufuku michezoni, na huo ukawa mwisho wake. Watu walimcheka sana kwa tumbo lake. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Mchimbaji

Mnamtaja Reardon kama aliyefungwa 1982 tu. Jamani, alikuwa bingwa mara sita, ya mwisho 1978 akiwa na miaka 45.

Mimi nilifanya kazi Mwadui, nikapelekwa Wales kusomea migodi, na kule Reardon ni mtu wao. Aliingia mgodini Tredegar akiwa kijana wa miaka 14. Alikuwa anavaa glovu nyeupe akichimba makaa, kulinda mikono kwa ajili ya snuka, na mtu yeyote aliyefanya kazi chini ya ardhi anajua wenzake walimcheka kiasi gani. Baadaye mwamba ukamfukia kwa saa kadhaa. Alisimulia kwamba hakuthubutu kusogea, akawa anacheza gololi kichwani na ndugu yake mpaka wakamfukua. Alipotoka huko akawa polisi, kisha mchezaji.

Walimwita Dracula kwa nywele na meno yake, naye akacheka nao. Mtu aliyekwishafukiwa hai ataogopa mpira wa waridi? Amefariki 2024.

Mpangaji wa Tooting

Nimesoma yote nikisubiri mtu wa Jimmy White. Hamna hata mmoja? Mimi nimepanga Tooting, kusini mwa London, alikozaliwa. Alikuwa mtoro wa shule. Yeye na Tony Meo walishinda kwenye ukumbi wa Zan's badala ya darasani, na wazee wa mtaa wanayasimulia hayo kwa fahari.

White alikuwa na kasi ya Higgins bila ile hasira. Fainali sita za dunia, zote kapoteza. 1984 kwa Davis. 1991 kwa John Parrott. Zilizobaki nne kwa mtu mmoja, Stephen Hendry wa Uskoti, aliyekuwa bingwa akiwa na miaka 21 na uso kama wa mwanafunzi aliyekuja kufanya mtihani. 1992 White alikuwa mbele 14–8. Hendry akachukua fremu kumi mfululizo. Kumi! 1994 ikafika 17–17, siku ya kuzaliwa ya White, yuko mezani, njia iko wazi, akakosa mweusi mwepesi kabisa. Hendry akamaliza.

Na White akachukua kipaza sauti, akatania kwamba huyu kijana sasa ameanza kumuudhi. Ukumbi mzima ukacheka, wengine machozi yanawatoka. Higgins angepindua meza. Davis asingesema kitu.

Binti Mkunazini

Nimemsomea mama. Anauliza, Jimmy bado anacheza?

Mpangaji wa Tooting

Anacheza, dada. Ubingwa wa dunia wa wakongwe kauchukua mara nne. Ila 2021 kwenye mchujo wa ubingwa wa dunia alipangiwa tena Hendry aliyekuwa amerudi mchezoni baada ya kustaafu. Hendry 6, White 3.

Binti Mkunazini

Mama anasema huyo Hendry hakufunzwa adabu kwao.