Naomba ushauri: santuri ya marehemu baba inaruka

Wakuu, marehemu baba aliniachia santuri ya Marvin Gaye, What's Going On ya mwaka 1971. Nyimbo zake zimeungana bila kituo, na baba hakutaka mtu aongee mpaka upande wa kwanza uishe. Kila nikiisikia namwona amefumba macho, kidole kikigonga mkono wa kiti, taratibu, akifuata besi.

Sasa sindano inaruka kwenye "Mercy Mercy Me", wimbo wa mwisho wa upande huo. Vumbi lipo, na pia mkwaruzo mwembamba. Je, niisafishe kwa kitambaa laini chenye unyevu, au nitaiharibu zaidi? Aliyewahi kuokoa santuri kuukuu anieleze alianzia wapi. Kununua nyingine naweza, lakini hii ndiyo aliyoishika yeye.