Walimu wa yoga, mgongo wenu ulipona kwa yoga kweli?

Kinyonga: Wakuu, habari za humu. Diski ya kiunoni, kile kijimto laini kati ya pingili za mgongo, imenichachamalia, maumivu yanashuka pajani mpaka kisiginoni. Daktari kasema nifanye mazoezi mepesi, jirani ananisukuma nijiunge na yoga. Kuna mwalimu humu aliyeanza akiwa mgonjwa kama mimi? Sitaki matangazo ya biashara.

Mama Mkeka: Pole sana ndugu yangu. Mimi nafundisha, na kilichonipeleka ni mgongo, wala sikuwa natafuta utulivu wa roho. Diski iliteleza kati ya pingili ya nne na ya tano za kiunoni, hata soksi nikawa navalishwa. Aliyeniinua kwanza ni mtaalamu wa fiziotherapia, nisimnyang'anye sifa yake. Yoga ilifuata.

Mwalimu wangu hakuniinamisha nishike vidole vya miguu. Alinilaza chali, miguu juu ya kiti, magoti yamekunjwa, blanketi chini ya kichwa, akasema nitoe pumzi taratibu kuliko ninavyoivuta. Basi, somo limeisha! Nikajiona nimeliwa hela. Kumbe mkao ule unakipumzisha kiuno, na pumzi ikitoka taratibu mapigo ya moyo nayo yanatulia. Usingizi ulirudi kabla maumivu hayajaisha.

Kuegemeza mwili kwa viti, mikanda na matofali ya mbao ni mtindo wa mwalimu wa yoga B.K.S. Iyengar, Mhindi aliyezaliwa 1918, ambaye utotoni aliandamwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Mtu aliyeujua mwili unaogoma. Namwamini yeye kuliko hizi yoga za kukimbizana.

Msema Kweli: Dada, mbona kuna watu yoga imewamaliza kabisa?

Mama Mkeka: Wapo, sikatai. Ukiinama mbele mgongo umepinda, huku unajivuta kwa nguvu, diski inabanwa mbele na kusukumwa nyuma, kwenye mishipa ya fahamu. Mwenye maumivu ya kushuka mguuni asithubutu. Na mwalimu akikukandamiza mgongo kwa mikono, kunja mkeka uondoke, hata kama umeshalipia mwezi mzima.

Kinyonga: Asante dada. Na ganzi je? Vidole viwili sivisikii vizuri.

Mama Mkeka: Hilo mrudie daktari kabla hujagusa mkeka. Ila ganzi ikihamia sehemu za siri, au mkojo ukagoma au ukakutoka bila habari, usingoje kukuche. Nenda hospitali saa hiyohiyo.