Naomba ushauri: begi la ngumi la kusimama lenyewe kwa mazoezi ya nyumbani

Mkanda wa Bluu

Wakuu, habari za wakati huu. Nafanya karate na hivi karibuni nimeanza kikiboksi. Nataka begi la nyumbani kwa zile siku ambazo siendi darasani. La kuning'iniza haliwezekani: nimepanga, na mwenye nyumba hataki dari wala ukuta vitobolewe. Imebaki la kusimama lenyewe, lile lenye kitako cha plastiki unachojaza maji au mchanga.

Nina kilo 74 na urefu wa sm 178. Naishi ghorofa ya juu, chini yangu kuna familia. Nyumbani yupo kijana wangu wa miaka 9, naye ameanza karate.

Nimeangalia mengi mpaka nimechanganyikiwa. Kila muuzaji anasifia ngozi ya nje na rangi, lakini anayeeleza begi litafanya nini nikilipiga teke la nguvu simwoni. Naomba wenye uzoefu mnisaidie: niangalie nini kwanza? Maji au mchanga? Na je, linafaa kweli kwa mateke?

Konde Zito

Mkuu, ngozi iache iwe ya mwisho. Anza na kitako.

Begi likipigwa hufanya moja kati ya mambo mawili: linateleza au linainama. Kuteleza kunazuiwa na uzito pamoja na msuguano wa sakafu. Kuinama kunazuiwa na uzito pamoja na upana wa kitako, na huo upana ndio watu wanausahau. Kitako chenye upana wa sm 60 na uzito wa kilo 100 kinapinga kupinduka sawasawa na chenye sm 75 na kilo 80. Kwa hiyo ukikuta mabegi mawili yanayobeba maji sawa, chukua lenye kitako kipana.

Tena angalia unapiga wapi. Teke linalotua sm 140 kutoka sakafuni lina nguvu ya kupindua mara mbili ya lile lile likitua sm 70. Ndiyo maana begi linaonekana imara kwa ngumi za tumboni, halafu linayumba vibaya ukipiga teke la kichwa. Kwa mwili wako nisingeshuka chini ya lita 100 za ujazo. Modeli zinazojulikana kama Wavemaster za kampuni ya Century, kitako kikijaa, zinafika kama kilo 120, na kwa mtu mzima hapo ndipo begi linapoanza kuwa na maana.

Mwalimu wa Jioni

Swali la mateke halina jibu moja, ndugu yangu, inategemea teke gani.

Teke la kuzungusha la kiunoni na la kichwani linafaa sana. Mguu unagonga na kurudi, begi linayumba kidogo na kukurudia, na hapo unajifunza kupima muda. Teke la pembeni linafaa ukilipiga kwa kukata, si kwa kusukuma. Teke la mbele la kusukuma ndilo tatizo, kwa sababu kazi yake ni kumwondoa mtu pale alipo, na begi litaondoka kweli. Hilo lifanyie kwenye pedi, ile ngao ya sponji anayokushikia mwenzako.

Teke la chini la paja, lile la kikiboksi, kuwa nalo makini sana. Mabegi mengi ya aina hii, sponji yake inaishia juu ya kitako, na kati yake kuna shingo ya plastiki au chuma. Muundi wako ukikutana na ile shingo, utachechemea. Kabla hujanunua pima sponji inaanzia sm ngapi kutoka sakafuni. Kama inaanzia sm 50 na paja la mpinzani wa kimo chako liko kwenye sm 60 hadi 80, nafasi ya kukosea ni ndogo mno. Yapo mabegi marefu yenye sponji inayoshuka hadi karibu na sakafu, na kama mateke ya chini ni sehemu kubwa ya mazoezi yako, tafuta hayo hata kama kitako kimejificha ndani na uzito wake ni mdogo kiasi.

Yale yenye umbo la kiwiliwili cha mtu ni mazuri kwa shabaha: kidevu, mbavu, ini, na konde la kutoka chini kwenda juu ambalo kwenye begi la mviringo halina pa kuingia. Ila hayana miguu, kwa hiyo teke la paja lisahau.

Fundi Mchanga

Maji au mchanga? Mchanga, bila kusita. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita moja ya mchanga mkavu ni kama kilo 1.5 hadi 1.6. Kitako cha lita 100 kinatoka kilo 100 hadi zaidi ya 150. Ukishajaza mchanga ukamiminia na maji, yanaingia kwenye nafasi kati ya chembe na uzito unapanda tena. Begi la namna hiyo halisogei ovyo.

Chekecha kwanza utoe mawe, uanike ukauke kabisa, utumie faneli yenye mdomo mpana. Mchanga wenye unyevu unaganda kwenye tundu na utashinda siku nzima unagonga kitako.

Ghorofa ya Tatu

Fundi, kwa heshima zote, huo ushauri ni wa mtu aliye chini kwenye zege. Mwenzetu amepanga na yuko juu. Siku ya kuhama atautoaje mchanga wenye kilo 150 kupitia tundu la kuingia ngumi moja? Na ukishachanganya na maji ndiyo umeganda humo. Maji unaingiza mpira mwembamba, unayavuta, yanatoka yenyewe.

Halafu sakafu. Nyumba za kuishi nyingi husanifiwa kubeba kama kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya zege haitatikisika, lakini kama ni ya mbao na ni ya zamani, usiweke uzito wote huo katikati ya chumba. Weka karibu na ukuta unaobeba nyumba, juu ya ubao mpana unaosambaza mzigo, na ukiwa na shaka muulize fundi wa majengo.

Kelele nayo ina mambo yake. Kinachomuudhi jirani si mlio wa ngumi, ni kitako kuinuka upande mmoja na kutua. Mtikisiko unashuka moja kwa moja kwenye dari lake. Tandika mkeka wa mpira mgumu, ule mzito wa vyumba vya kunyanyulia vyuma, kisha ubao wa plaiwudi, kisha mkeka mwingine. Usitumie sponji laini ya kuchezea watoto: kitako kinazama, begi linayumba zaidi, na kelele inaongezeka. Na zungumza na jirani mapema, mkubaliane saa.

Fundi Mchanga

Hapo kwenye kuhama umesema kweli, mkuu. Kwa mpangaji wa ghorofani, maji. Akiona begi linatembea, aongeze vifuko vya mchanga juu ya kitako upande wa nyuma, pale ambapo miguu haifiki. Faida yake ni kwamba anavitoa wakati wowote.

Asijaze maji mpaka mdomoni akiishi sehemu yenye baridi ya kugandisha na begi likakaa nje au kwenye ghala. Maji yakiganda yanatanuka kwa takriban asilimia 9 na plastiki inapasuka. Atie na klorini kidogo, la sivyo humo ndani kutaota ukijani na harufu. Akishajaza, aache usiku kucha juu ya karatasi kavu kabla ya kulisogeza mahali pake. Uvujaji mdogo kwenye kifuniko unaonekana asubuhi.

Dada wa Pedi

Naongeza la mikono, maana sijaona aliyeligusa. Ndani ya begi kuna nguzo. Kama sponji ni nyembamba, kila ngumi nzito inaifikia ile nguzo na kifundo cha mkono ndicho kinacholipa. Ukiwa dukani, kandamiza begi kwa kiwiko kwa nguvu zako zote, mahali pa kupiga ngumi na mahali pa teke. Ukihisi kitu kigumu, liache hapo hapo.

Funga bendeji, zile za mita 4.5 zinatosha kuzungushia kifundo na kupita kati ya vidole. Glovu za begi kwa uzito wako chukua aunsi 14 au 16. Tua kwa vifundo viwili vya kwanza, vya kidole cha shahada na cha kati. Mfupa wa kiganja upande wa kidole kidogo ndio unaovunjika kirahisi mtu akitua vibaya, na ngumi ya kuzungusha ya uchovu ndiyo inayotua vibaya kuliko zote. Mkono ukichoka, piga mateke au pumzika.

Mkanda wa Bluu

Nawashukuru sana. Nimeelewa: kitako kipana, maji, sponji inayoshuka chini kadiri inavyowezekana, na mateke ya kusukuma niyaache darasani. Sakafu yangu ni ya zege, nimethibitisha.

Imebaki kwa kijana. Natamani begi moja litutoshe sote wawili. Kuna yanayorekebishwa kimo kwa pini. Yanafaa?

Mwalimu wa Jioni

Yanafaa, kwa masharti. Pini iwe ya chuma, nene, ipite upande hadi upande. Mtikisiko wa kila siku unalegeza karibu kila kitu kwenye begi la aina hii, kwa hiyo kaza bolti na ukague pini kabla ya mazoezi, hasa ukishabadilisha kimo. Kimo cha kijana kiwe pale ambapo ngumi yake iliyonyooka inatua kifuani au kidevuni mwa mtu wa saizi yake, asipige akipandisha bega.

Mtoto asilikumbatie, asilipande, asilivute kwa nyuma. Uzito wa kitako unalisimamisha wewe unapolipiga, lakini mtoto akining'inia juu anaweza kuliangusha, na likianguka linamwangukia yeye. Asifanye bila wewe kuwepo chumbani. Yeye apige polepole na bila nguvu, afanye kazi ya umbo na umbali. Mifupa ya miaka 9 bado inakua.

Acha angalau mita moja na nusu kulizunguka, mbali na dirisha na kona za meza. Na wewe mwenyewe, mkono mmoja ukitua, mwingine usiwe umeshuka. Begi la kusimama linarudi haraka kuliko la kuning'inia, na mwanafunzi anayelizunguka anajifunza kujiondoa kwenye mstari wa shambulio. Anayesimama mbele yake akisubiri litulie ndipo apige tena, anajizoesha kusubiri.

Konde Zito

Kipimo kimoja cha haraka utakapolipata: piga jabu (ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele) kumi za kawaida. Kama begi limerudi nyuma hatua nzima, angalia kwanza ngumi yako kabla ya kuongeza uzito. Ngumi inayobaki kwenye begi inasukuma. Inayorudi kidevuni upesi inaacha mlio mkavu, na kitako kinabaki palepale.

Mkanda wa Bluu

Nimekuelewa, mkuu. Jumamosi naenda na tepu ya kupimia, nitapima upana wa kitako na sponji inapoanzia, halafu naleta vipimo hapa kabla sijalipa.