Matibabu kwa wote: tukate bima au tulipe kwa kodi?

Mtoa mada

Wakuu, tunaambiwa kila siku kwamba ili kila mtu atibiwe, lazima kila mtu akate bima. Mimi naipinga hoja hiyo.

Bima ya michango ilianzia Ujerumani mwaka 1883, enzi za kansela Bismarck, ikiwalenga zaidi wafanyakazi wa viwandani. Kule mwajiri anakata mchango kabla mshahara haujafika mkononi, kazi imekwisha. Sasa mvuvi, kibarua au mama anayeuza mboga atakatwa na nani? Atalipa siku akiwa nazo, na mara nyingi siku hiyo ni pale anapoanza kuumwa. Wazima wanabaki nje, wagonjwa wanajaa ndani, mfuko unakauka. Kiwango kinapandishwa, na wazima wachache waliokuwemo nao wanaondoka. Kumfuata mtu huyo nyumba kwa nyumba nako kunakula pesa (mawakala wanataka kamisheni, jamani).

Thailand ilichoka na mchezo huo. Mwaka 2002 ikaamua wasio na ajira rasmi walipiwe na kodi, mgonjwa achangie baht 30 (sarafu ya kule) tu akienda kutibiwa. Na Ghana, ambayo najua mtaitaja, mfuko wake wa bima hulishwa zaidi na tozo ya 2.5% kwenye bidhaa na huduma kuliko ada za wanachama. Kwa jina ni bima, kwa pesa ni kodi.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, kodi ipi? Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi pale Abuja kutenga 15% ya bajeti kwa afya, na nchi nyingi hazijafika. Pesa ikiingia hazina inagombaniwa na barabara, mishahara na madeni. Mchango wa bima angalau una kazi yake maalumu. Halafu hiyo tozo unayoisifia, maskini anailipa pia kila akinunua kitu. Rwanda wamepanga michango kwa uwezo wa kaya, fukara kabisa analipiwa, na wananchi walio wengi wamo.

Mtoa mada

Kwenye tozo umenibana, nakubali. Kodi ya mapato na ya sigara ina haki zaidi. Lakini Rwanda inakuunga mkono nusu tu: kule kujiunga si hiari, na uongozi unafika hadi kijijini. Toa vitu hivyo viwili uone mfuko utadumu vipi.

Mchangiaji wa pili

Mnabishania pesa inatoka wapi, hamuulizi inakwenda wapi. Nimeshika kadi, nimefika zahanati, naandikiwa dawa nikanunue nje. Hiyo kadi imenisaidia nini?

Mtoa mada

Haswa. Thailand kwa wagonjwa wa nje (wasiolazwa) hospitali inalipwa kwa idadi ya watu walioandikishwa kwake, kwa hiyo wilaya ya mbali nayo ilipata fungu badala ya pesa kuzunguka mijini kwenye madaktari bingwa. Ila hata wao hawajaunganisha mfuko wa watumishi wa serikali na ule wa wananchi wa kawaida, na matumizi kwa kila mtumishi ni makubwa zaidi. Anayepanga bajeti hatibiwi kwa kadi aliyompangia mwenzake.

Sasa nyie wenye bima za kazini, mko tayari mfuko wenu uunganishwe na wa kibarua?