Synology, kompyuta ya zamani au Raspberry Pi? Nataka pa kuhifadhia picha za harusi

mpigapicha_mkele: Assalaam aleikum wakubwa. Napiga picha na video za harusi, diski za nje zimejaa droo nzima na sijui ipi ina nini. Nataka seva ya nyumbani. Synology DS223 (sanduku la kutilia diski, tayari kwa kazi), kompyuta ya zamani niiwekee TrueNAS (programu ya kuigeuza seva), au Raspberry Pi 4 (kikompyuta kidogo) yenye OpenMediaVault (programu kama hiyo)? Kuna jamaa anarudi kutoka Dubai Alhamisi, nataka nimuagize.

kijana_wa_wete: Wa aleikum salaam. Hujasema picha zako ni TB (terabaiti) ngapi, wala kama unataka kuingia ukiwa nje ya nyumba. Hiyo kompyuta ina RAM kiasi gani?

mpigapicha_mkele: GB 4. Picha ni nyingi tu.

kijana_wa_wete: "Nyingi tu" si kipimo, sheikh. Kwa GB 4 TrueNAS isahau, wenyewe wanataka 8 kwenda juu. OpenMediaVault imejengwa juu ya Debian (aina ya Linux), itakwenda hata kwenye kikweche. Ipe anwani ya IP ya kudumu, la sivyo kila umeme ukirudi utakuwa unaitafuta. Saa iweke Africa/Dar_es_Salaam. Washa SMB (njia ya kompyuta kufungua mafaili ya seva) lakini SMB1, toleo lake la zamani, izime, ndiko alikopenya kirusi WannaCry 2017.

bi_sharifa_malindi: Mie nina Synology. Asubuhi nimeichomeka, mchana watoto wanaangalia katuni. Huyu kazi yake picha, nyie mnamsomesha ufundi.

mkarafuu_chake: Ngojeni niwambie langu. Nilikuwa na sanduku la diski mbili. Kaka yangu wa Muscat akataka kuona picha za marehemu mama. Fundi akaniambia fungua poti (mlango wa kuingilia kutoka intaneti) kwenye ruta, kazi kwisha. Nikafungua, na jina la kuingilia nikaliacha admin vile vile. Wiki tatu hivi baadaye natoka shamba, nafungua folda, kila faili limeota mkia wa herufi nisizozijua, na barua ya Kiingereza inadai pesa. Diski ya pili nayo hivyo hivyo, maana RAID 1 (mpango wa diski mbili kuwa pacha) inanakili kila kitu, na msiba pia. Na mimi nilikuwa naiita bekapu! Kaseti za maulidi za baba, nilizozihamisha mwenyewe usiku kwa usiku, zote zimekwenda. Sasa natumia WireGuard (njia ya siri ya kuingia nyumbani kupitia intaneti), na diski moja iko Konde kwa dada, haijui intaneti.

bi_sharifa_malindi: Pole sana ami.

shangani_juu: Mnasahau umeme. Bila UPS (betri ya akiba) diski zitakufa tu. Au hamkumbuki 2008, Unguja karibu mwezi mzima giza?

kijana_wa_wete: Na tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Sisi Pemba mashine za umeme za Wesha zinanguruma.

shangani_juu: Kunguruma zilinguruma. Taa je?

kijana_wa_wete: Usituchezee. Waya wa umeme wa Tanga umetufikia 2010, sasa tuko sawa.

bi_sharifa_malindi: Mada jamani.

mpigapicha_mkele: Kwani ruta lazima? Mimi natumia hotispoti ya simu.

kijana_wa_wete: Ndiyo kwanza unasema! Nunua ruta kwanza, hata isiyo na intaneti, seva na kompyuta zipate kuonana. TB ngapi?

mpigapicha_mkele: Sijahesabu. Jamaa kabakiwa na nafasi ya kilo mbili kwenye begi. UPS ina uzito gani?

shangani_juu: Yangu niliipandisha ngazi kwa mikono miwili.