Nimelima Gorria, mnunuzi anataka niandike "Espelette" kwenye lebo. Naombeni ushauri

Mpenda_Kitalu

Habari zenu wadau. Nina jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa, nisaidieni kabla sijatoa jibu.

Huu ni msimu wangu wa tatu kulima Gorria, pilipili ambayo kule kwa Wabaski, kusini magharibi mwa Ufaransa, ndiyo inayosagwa ikawa Piment d'Espelette. Nilianza na pakiti moja tu ya mbegu. Nimeilea kama mtoto. Unga wangu unatoka mwekundu unaoelekea rangi ya chungwa, una harufu tamu, na ukali wake unakuja polepole bila kuunguza ulimi.

Mnunuzi wa viungo ameuonja, ameupenda, anataka kuchukua mavuno yote. Sharti ni moja: lebo isome "Pilipili ya Espelette". Hoja yake ni kwamba mbegu ni ile ile, basi na jina ni lile lile. Nisipokubali atatafuta mkulima mwingine. Je, yuko sahihi?

La pili: msimu huu nilipanda mbegu nilizotoa kwenye matunda yangu mwenyewe. Kama robo ya mimea inazaa matunda mafupi, mabega mapana, na makali mno. Nimekosea wapi?

Sheria_na_Udongo

Pole ndugu, na hongera kwa kuuliza kabla ya kuchapisha lebo.

Mnunuzi wako anachanganya vitu viwili. Gorria ni jina la mmea. Kwa Kibaski maana yake ni "nyekundu". Espelette ni jina la kijiji, na kama jina la pilipili limelindwa Ufaransa tangu mwaka 2000 na Umoja wa Ulaya mzima tangu 2002. Wanaoruhusiwa kulitumia ni wakulima wa vijiji 10 tu vya eneo hilo, na hao nao si kwa kuzaliwa pale pekee. Wana masharti: kuchuma kwa mkono, tunda kuiva kabisa, pilipili za unga kukaa angalau siku 15 zikikomaa mahali penye joto na hewa kabla ya kumaliziwa kwenye oveni na kusagwa. Unga nao unakaguliwa na kuonjwa kabla ya kubeba jina. Mkulima wa Espelette akiruka hatua hizo, hata yeye haruhusiwi kuliandika.

Ulinzi huu hufuata mipaka ya nchi. Unapouza ndipo sheria inapokuhusu, kwa hiyo angalia soko lako lina mkataba gani. Ila usidhani ukivuka mpaka uko huru: karibu kila nchi mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani inatakiwa kuzuia lebo inayompotosha mlaji kuhusu bidhaa ilikotoka.

Na usijaribu "aina ya Espelette" wala "mtindo wa Espelette". Sheria ya Ulaya inakataza hata hayo maneno ya pembeni. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hata picha peke yake inaweza kuhesabika kuwa inalikumbusha jina linalolindwa. Kesi ilihusu jibini: kwenye vifungashio kulikuwa na mpanda farasi aliyekonda na vinu vya upepo, vitu vinavyomrudisha mtu kwenye eneo la La Mancha, Hispania, inakotoka jibini ya Manchego ambayo jina lake linalindwa. Kwa hiyo ukichora nyumba nyeupe ya Kibaski iliyotundikwa mikufu ya pilipili ukutani, unaweza kuingia mtegoni bila kuandika herufi.

BintiMkulima

Mimi naona hii ni kuwabana wakulima wadogo. Mbona pilipili ya Padrón inalimwa na kuuzwa kila mahali kwa jina hilo na hakuna anayeshtakiwa? Na Padrón nayo ni mji, uko Galicia, Hispania.

Sheria_na_Udongo

Dada, mfano wako ni mzuri, na ndio unaonyesha kwa nini wenyeji wanawahi kulinda majina. "Padrón" lilishaenea kama jina la aina ya mmea. Wakulima wa kule walipokuja kuomba ulinzi, jina lililosajiliwa likawa "Pemento de Herbón", kutokana na Herbón, parokia iliyoko Padrón kwenyewe, ambako inasimuliwa kwamba watawa Wafransisko ndio walioleta mbegu kutoka Mexico. Wale watu waliilea ile pilipili vizazi na vizazi, na leo jina la mji wao linabandikwa kwenye mavuno ya popote. Sisemi ni kosa la anayelima. Ila kwa kweli hilo huniuma.

Na huyo mkulima mdogo unayemtetea yuko Espelette pia. Jina ndilo linamfanya asishindane na unga wa bei ya chini uliotiwa rangi.

BintiMkulima

Hapo nimekuelewa. Sikujua habari ya Herbón.

Mzee_wa_Mbegu

Mwanangu Mpenda_Kitalu, mimi nijibu la pili, maana ndilo ninaloliishi.

Hukukosea kwenye kulea, umekosea kwenye kukaa jirani. Bila shaka msimu uliopita ulikuwa na pilipili nyingine kali karibu. Ua la pilipili hujichavusha lenyewe, na watu wengi huishia hapo, wakaamini haliwezi kuchanganyika. Nyuki hawajui hayo. Wakitoka kwenye ua la pilipili kali wakatua kwenye Gorria, mbegu inachukua baba mwingine.

Linalowachanganya watu ni kwamba tunda lenyewe halibadiliki. Nyama ya tunda ni ya mama, hivyo mwaka jana uliona Gorria safi, nzuri kabisa, ukafurahi, ukakamua mbegu. Mchanganyiko ulikuwa umejificha ndani ya mbegu, umekuja kujitokeza sasa.

Fanya hivi. Mimea yote iliyogeuka usiichukulie mbegu hata moja, na matunda yake yasiingie kwenye unga wako. Wala hii isiyogeuka usiiamini, maana imechanua pamoja na ile mingine. Rudi kwenye mbegu ya mwanzo kama ulibakiza. Ikianza kutoa vitumba, chagua mimea kama kumi hivi, yenye afya na inayofanana, kisha funika matawi machache kwa mifuko ya kitambaa chepesi cha wavu kabla ua halijafunguka. Kila asubuhi tikisa tawi kidogo ili chavua idondoke. Matunda yakishashika, toa mfuko, na uyafunge uzi wa rangi ili siku ya kuchuma usiyasahau. Yaache yaive mpaka yawe mekundu kabisa, yachume, yalaze wiki moja ndipo utoe mbegu. Zikaushe kivulini, si juani.

Ukali nao usiusukumie kwenye mbegu peke yake. Mmea ukikosa maji wakati wa kuzaa, mara nyingi tunda huwa kali zaidi.

Moshi_wa_Mwaloni

Niongeze kidogo. Wadau wengi hudhani jina linalinda mbegu, kumbe mara nyingi linalinda kazi. Pilipili za Pimentón de la Vera, unga wa pilipili wa Hispania, hukaushwa kwa moshi wa kuni za mwaloni kwa siku 10 hadi 15, huku zikigeuzwa kwa mkono. Piquillo ya Lodosa, pilipili nyingine ya Hispania, huchomwa kwa moto na kumenywa bila kuoshwa kwa maji, ili ladha isiondoke. Ukichukua mbegu zao ukakausha juani, utakuwa na pilipili nzuri, ila si ile.

Sasa wewe kazi yako unaifanyaje? Unaanika wapi, siku ngapi, unasaga vipi? Hayo ndiyo ya kuandika kwenye lebo. Na unga wako upe jina la shamba lako. Kama wenzako wa karibu nao wanalima, kaeni pamoja muandike masharti yenu mapema, kabla jina halijawa la kila mtu kama Padrón.

Mpenda_Kitalu

Asanteni sana, nimewasoma nyote zaidi ya mara moja. Mzee wangu, ni kweli, mstari wa jirani ulikuwa na pilipili fupi kali, hatua nne tu kutoka kwenye Gorria. Pakiti ya mwanzo bado ina mbegu 20 hivi. Nitaanza nazo kitaluni.

Mnunuzi nimemjibu leo asubuhi. Nimemwambia lebo itasoma jina la shamba, kisha "Unga wa pilipili, aina ya Gorria", mahali ilipolimwa, na kwamba imekomazwa siku 15 kabla ya kukaushwa. Espelette haitakuwepo, wala picha ya mikufu ukutani. Bado hajajibu.

Moshi_wa_Mwaloni, naanika kwenye chekecheke za mbao chini ya paa, hewa inapita pande zote. Kuna wenzangu wawili wanalima pia. Jumapili nawaita.

Mzee_wa_Mbegu

Vizuri mwanangu. Kabla ya kuotesha, angalia pakiti ya mbegu. Ikiwa imeandikwa F1, ni chotara, na mbegu utakazokamua hazitafuata mama hata ukifunika maua yote.

Mpenda_Kitalu

Nimeiangalia sasa hivi. Haina F1.